Mwacheni Shangazi Ale Tambi Zake

CHUMVI NA NDIMU
Na Mwanakombo Bwanaheri

Jumamosi nilikuwa Malindi kwa harusi. Harusi yenyewe siisemi zaidi, maana biriani ilitoka saa kumi na bwana harusi ni damu yetu. Kesho yake mwenyeji wangu akaniambia, "Twende kwa Mwitaliano, nikupoze roho." Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mbele ya tambi mimi sina msimamo, na mnajua pia kwa nini mume wangu huacha pochi nyumbani tukienda Malindi.

Mkahawa siutaji. Uko karibu na bahari, viti vya mwanzi, kuta nyeupe, na mhudumu ni kijana wa Kigiriama ambaye Kiitaliano chake kimenyooka kuliko Kiingereza cha mhariri wangu. Meza ya pili yetu walikaa watatu: kijana wa miaka thelathini na kitu, mkewe, na shangazi yake. Shangazi ni rika langu, kavaa leso mpya, mkoba kaupakata. Kwa walivyokuwa wakizungumza (sikutega sikio, jamani, kijana ana sauti), shangazi ndiye aliyemlipia karo mpaka akamaliza chuo kikuu, na siku hiyo kijana alikuwa anamlipa fadhila.

Fadhila yenyewe ikaenda hivi. Shangazi aliletewa tambi za kamba. Akachovya uma, tambi zikamkimbia. Akachovya tena, zikamkimbia tena. Mtu mzima hapiganii chakula, akazikata kwa ubavu wa uma, vipande vifupi vifupi.

"Shangazi! Hizo hazikatwi!"

Meza tatu ziligeuka. Shangazi akatabasamu, akaomba kijiko. Akaambiwa kijiko ni cha watoto, huko Roma ukiomba kijiko wanakuona huna adabu. Haya, akaacha kijiko. Akanyoosha mkono kwenye kibakuli cha jibini iliyokunwa. "Shangazi, jibini haikai na samaki. Haikai kabisa! Mwitaliano akikuona atalia." Mkono wa shangazi ulikuwa umeshachota. Akakirudisha kile kijiko cha jibini polepole, akaufuta mkono kwenye leso ingawa haukuwa na kitu, akaupeleka chini ya meza. Kuanzia hapo alikula kwa kudonoa. Mke wa kijana akawa anatazama bahari.

Nauweka msimamo wangu hapa mapema, ili wale wanaoruka mistari wasije wakanisingizia. Kijana yule alikosa adabu, na chakula cha Kiitaliano hakihusiki hata kidogo. Kimesingiziwa.

Maana nimeshamjua mtu wa aina hii, na nyinyi mnaye ukooni. Amekwenda Roma wiki moja kwa kazi, au hajakwenda popote ila simu yake inamwonyesha kila usiku wapishi wanaopiga mayowe mtu akivunja tambi. Basi amehitimu. Chanzo cha ugonjwa mara nyingi ni simu. Zamani mtu alihitaji miaka jikoni ndipo awe mkali. Siku hizi anahitaji bando.

Sasa tumpe kijana kesi yake. "Mwitaliano havunji tambi hata siku moja," alimwambia mkewe, ambaye hakuwa ameuliza. Laiti angefika Napoli siku ya Jumapili. Huko kuna tambi ziitwazo ziti, ndefu, nene, zina tundu katikati. Watu hukaa mezani wakazivunja kwa mikono, kavu hivyo hivyo, kabla hazijaingia sufuriani, kisha huzila na mchuzi wa nyama uliochemka tangu asubuhi. Vile vijipande vinavyomeguka pembeni hawavitupi, vinaingia pamoja na vinaufanya mchuzi uwe mzito. Ndiyo desturi yao. Hakuna anayelia.

Na jibini isiyokaa na vitu vya baharini? Nenda Bari. Kule wanapanga mchele, viazi na kome katika sinia moja, wanarushia jibini ya pecorino juu, wanaoka. Chakula cha wazee wao hicho. Shangazi angekula akaongeza.

Lakini kijana hakuwa amemaliza. Alimwita mhudumu akaanza kumhutubia habari ya karbonara, kwamba asithubutu kumletea yenye krimu, kwamba karbonara ya asili haijabadilika tangu enzi za mababu. Mimi karbonara huiona tu ikipita kwenda meza za wenzangu, kwa sababu ya shavu la nguruwe lililomo, kwa hiyo ndani yake sina maslahi. Ila historia haina nguruwe, nitaigusa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia hiyo karbonara huikuti kitabuni. Mapishi yake ya kwanza yanayojulikana kuchapishwa Italia ni ya mwaka 1954, katika jarida la La Cucina Italiana, na yana kitunguu thomu na jibini ya gruyère, ya Uswisi. Alberto Grandi, profesa wa Chuo Kikuu cha Parma, aliyasema haya na makubwa kuliko haya katika gazeti la Financial Times mwaka 2023, na kwao kukawaka moto. Mababu gani hao? Shangazi yule huenda ana ndugu waliozaliwa kabla ya karbonara.

Kisha likaja swali lililonifanya niweke uma chini. "Mpishi wenu ni Mwitaliano, ama ni mtu wa hapa?"

"Ni mtu wa hapa hapa, wa Ganda, bosi."

Kijana akakunja uso, akamtazama mkewe, akasema, "Ndiyo maana."

Ndiyo maana nini? Nilijidai nakwenda kunawa mikono, nikasimama kwenye kidirisha cha jikoni. Mwenye kujua kazi humjui kwa kofia. Mtu mzima, kimya, sufuria nne motoni kwa wakati mmoja na saa ya ukutani imekufa. Aliopoa tambi moja, akaikata kwa meno, akaitazama pale ilipokatika. Katikati palikuwa na kitone cheupe. Akazitoa hapo hapo, kabla hazijaiva sawasawa, akazitia katika kikaango chenye nyanya, mafuta ya zeituni na thomu. Halafu akachota upawa wa yale maji ya kuchemshia, yaliyochafuka kwa wanga, akayamwaga juu, akakitikisa kikaango kwa mkono wa kushoto mpaka mafuta na nyanya vikashikana. Kazi ya wanga ndiyo hiyo, na ndiyo sababu tambi za fundi hung'aa na haziachi dimbwi chini ya sahani. Mwisho akachana majani ya mrehani kwa vidole, mrehani ule ule tunaotia kwenye kikuba, na harufu ikanifikia kidirishani nikamkumbuka marehemu nyanya yangu, ambaye hakupata kumwona Mwitaliano.

Nikamwuliza alijifunzia kitabu gani. "Mama," akasema bila kugeuka, "nyanya ikiwa mbovu, hakuna kitabu."

Nataka kijana aipate sentensi hiyo, lakini hasomi Kiswahili wikendi.

Kitabu kipo, hata hivyo, na kisa chake kinamhusu. Pellegrino Artusi hakuwa mpishi, alikuwa mfanyabiashara wa hariri aliyestaafu. Mwaka 1891, akiwa mzee wa miaka 70 na kidogo, alichapisha mjini Firenze, kwa pesa zake mwenyewe, kitabu cha mapishi 475. Kina mama wa Italia wakaanza kumwandikia barua: kwetu tunafanya hivi, umesahau hiki, jaribu na hii. Akajaribu jikoni kwake, akaongeza, toleo baada ya toleo, mpaka yakafika 790. Kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote jikoni mwa Waitaliano kimejazwa na mashangazi. (Mimi barua ninazopata ni za bwana mmoja wa Mazeras, naye hajawahi kuniletea hata pishi la mchicha.)

Najua pia wapo Waitaliano wenye mihuri. Mwaka 1972 walipeleka kwenye chemba ya biashara ya Bologna utepe mmoja wa tambi uliotengenezwa kwa dhahabu, ili dunia ijue upana halali wa tagliatelle: milimita 8 zikishaiva. Mwaka 1982 wakasajili huko huko mapishi rasmi ya ragù, mchuzi wao wa nyama. Nilicheka kwa heshima niliposoma. Halafu mwaka 2023 wenyewe wakarudi wakayaandika upya. Ikiwa mwenye muhuri amefuta na kuandika tena, sisi wa viti vya mwanzi tunamkemea nani?

Na tambi zenyewe zimekula chumvi kuliko hizo sheria zote. Mwaka 1154 Al-Idrisi, mwanajiografia wa Mfalme Roger wa Sicilia, aliandika kwamba huko Trabia, karibu na Palermo, watu wanatengeneza tambi kwa wingi na kuzisafirisha kwa merikebu kwenda nchi za Waislamu na za Wakristo. Nyanya wakati huo ilikuwa bado kwao Amerika, Ulaya haijaisikia. Kitabu hicho hicho cha Al-Idrisi kinaitaja Malindi. Kwa hiyo kijana asituone tumekutana na tambi jana. Kila Ramadhani tunazikaanga, tunazipika kwa nazi, sukari na iliki, na tunazivunja kwanza, tena kwa furaha. Wasomali nao, waliotawaliwa na Waitaliano, wanakula basta na ndizi mbivu pembeni, na sijasikia Roma imetuma manowari.

Waitaliano wa Malindi, ukitaka kujua, walianza na roketi. Mwaka 1967 walirusha setilaiti yao ya San Marco kutoka kwenye jukwaa lililosimamishwa baharini, Ngomeni. Watalii wakafuata, na nyuma ya watalii yakafuata majiko ya pizza. Roketi sasa ni hadithi. Aliyebaki na ujuzi ni yule mtu wa Ganda na wenzake, waliosimama miaka mbele ya moto wakijifunza kwa kuungua, na ambao hakuna aliyewapa cheti wala muhuri wala utepe wa dhahabu. Halafu anakuja mtu wa bando kuwaambia "ndiyo maana".

Msidhani basi kwamba nimefungua mlango wa kila uchafu. Ukali una mahali pake, na mahali pake ni jikoni. Maji ya tambi yatiwe chumvi, gramu 10 kwa kila lita, na lita moja kwa kila gramu 100 za tambi, zisibanane. Msizitie mafuta sufuriani. Msizioshe kwa maji ya bomba zikishaiva, dhambi hiyo naiona mpaka kwenye nyumba za watu waliosoma. Na atakayezimwagia tomato sosi ya chupa mbele yangu, nitanyamaza kwa sababu nina adabu, ila asinialike kwake. Mpishi ana haki ya kukufukuza jikoni kwa upawa. Mwenye kula, akishawekewa sahani, hasemeshwi. Tena mwenye kula aliyekulipia karo!

Mwishoni ikaja sahani ambayo kijana aliiagiza kwa ajili ya meza nzima, "ili shangazi aonje Italia yenyewe". Polenta ya kuchoma, uyoga juu, shilingi 900. Nikainama nisionekane ninavyocheka. Polenta ni unga wa mahindi. Karne ya 18 na ya 19 maskini wa Veneto na Lombardia waliila asubuhi, mchana na jioni bila kitoweo, mpaka ikawaletea pellagra, ugonjwa unaochubua ngozi na kuvuruga akili, kwa kuwa mahindi matupu hayaupi mwili niasini ya kutosha. Mpaka leo mtu wa kusini akitaka kumtania wa kaskazini humwita mla polenta. Na hii ya kuchoma, inayokatwa mapande na kuwekwa juu ya wavu, kwa kawaida ni ile iliyobaki jana ikaganda.

Shangazi hakugusa uma. Alimega kipande kwa vidole vitatu, akakinusa, akatafuna kwa utulivu ambao hakuwa nao tangu akae. Kijana akafungua mdomo, lakini sheria ya hii hakuwa nayo. Akaufunga.

Shangazi akamwashiria mhudumu.

"Mwanangu," akamwambia, "kiporo chenu cha sima kizuri. Chai yake iko wapi?"