Maoni: Mbwa anatumwa masomoni, zamu anabaki langoni

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, watu wenye uwezo kidogo wameanza kumpeleka mbwa kwa fundi akalale huko mwezi mmoja, miwili, hata mitatu, kisha arudi akiwa anajua kulinda lupango. Sababu inaeleweka. Usiku ni mrefu, umeme unakatika, na wezi hawapigi hodi. Mwenye nyumba anatoa dola zake, anapakia mbwa nyuma ya gari, anarudi mikono mitupu na kuanza kuhesabu siku. Siku ya kumchukua, fundi anamwonyesha kazi: mbwa anakaa, analala chini, anatembea kando ya mguu, anamrukia kijana aliyefunga gunia mkononi. Watoto wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye mbwa yule yule anamburuta zamu kwa kamba hadi kwenye mtaro, na akiitwa hageuki hata sikio.

Hapo watu husema fundi ni mwizi. Wako mafundi wezi, hilo halikatazwi kusemwa. Lakini mara nyingi fundi alifanya kazi aliyolipiwa. Ubaya uko katika mpango wenyewe: mbwa alifundishwa, na mtu ambaye atashinda naye usiku na mchana hakufundishwa kitu.

Mbwa hajifunzi neno kama mtoto wa shule anayejifunza herufi na kisha kuzisoma kwenye kila kibao barabarani. Yeye anashika sauti fulani, kutoka kwa mtu fulani, mahali fulani, na kile kinachofuata baada ya sauti hiyo. Katika uwanja wa fundi, kwenye harufu ya pale na mkono wa yule bwana, kukaa kunaleta kipande cha nyama na kutokaa kunavutwa kamba. Langoni kwa mwenye nyumba hakuna fundi, hakuna nyama, kuna kuku wa jirani na pikipiki zinazopita. Kwa mbwa hilo ni somo jipya kabisa, na hakuna mwalimu.

Kuna pia jambo la lugha, ambalo halizungumzwi hata kidogo. Mafundi wengi wa huku wanaamuru kwa Kifaransa, kama walivyojifunza wenyewe: « assis », « couché », « au pied ». Mbwa anarudi na maneno hayo. Patroni anayatamka vizuri, lakini patroni yuko kazini kuanzia saa moja asubuhi. Zamu, ambaye ndiye anayempa chakula, ndiye anayemfungua saa mbili usiku na kumfunga alfajiri, anamwambia « kaa » kwa Kiswahili, ama anasema kwa Kinande au Kishi, kila siku kwa sauti tofauti. Watoto wanapiga kelele zao. Mbwa hana dharau. Hajaambiwa kitu anachokijua. Na mbaya zaidi, zamu hakualikwa siku ile ya maonyesho. Aliachwa nyumbani kufungua lango.

Wanaojua desturi hii kwa muda mrefu kuliko sisi ni wawindaji wa Uingereza. Huko kuna mbwa wa bunduki, kama vile Labrado na Springa Spanieli, ambao kazi yao ni kuwatoa ndege vichakani na kuwaokota baada ya kupigwa. Msimu wa kuwinda ndege aitwaye fezanti unaanza tarehe 1 Oktoba na kufungwa tarehe 1 Februari, kwa hiyo mwenye mbwa mchanga anayefanya kazi mjini mara nyingi anampeleka kwa mwalimu shambani miezi kadhaa kabla, mbwa akiwa ameshapita nusu mwaka wa umri. Analala huko kwenye banda. Anafundishwa kukaa, kungoja, kuja, kusimama ghafula akiwa mbali, kuokota mfuko wa turubai uliojazwa na kuuleta mkononi bila kuutafuna. Anaingizwa kwenye ua wenye sungura ili azoee kuwaona wakikimbia mbele ya pua yake bila kuwafuata. Bunduki anaisikia kwanza kwa mbali sana, kisha karibu kidogo, kidogo tena. Hilo la mwisho linahitaji mtu mwenye uzoefu, kwa sababu mbwa aliyeshtushwa vibaya na mlio wa kwanza anaweza kuogopa bunduki maisha yake yote, na hapo kazi imekwisha. (Mbwa wa kwetu wanausikia mlio huo bila mwalimu yeyote, usiku, na hakuna anayewauliza wanajisikiaje.)

Kwa hiyo kutuma mbwa siyo upumbavu. Kuna kazi ambazo fundi anafanya vizuri kuliko mwenye mbwa, naye anazifanya kila siku bila kukosa, jambo ambalo patroni mwenye shughuli nyingi hawezi. Lakini hata kule, malalamiko ni yale yale: mbwa anarudi ni malaika mbele ya mwalimu, na siku ya kuwinda anakimbia mbele ya mstari wa bunduki huku mwenyewe akipuliza filimbi hadi mashavu yanauma. Walimu waaminifu wanajua, ndiyo maana wanamtaka mwenye mbwa aje mara nyingi wakati wa mafunzo, ashike kamba yeye mwenyewe, na siku ya kumrudisha anafundishwa mtu kuliko mbwa.

Na hiyo filimbi inastahili kuangaliwa na kila fundi wa Goma, Bukavu au Butembo. Filimbi za aina ya Acme zinauzwa zikiwa na namba. Ile ya 210.5 inapendwa na wenye spanieli, ile ya 211.5 na wenye Labrado. Namba ni ya urefu wa sauti. Filimbi ikipotea, unanunua nyingine yenye namba ile ile, na mbwa anasikia sauti ile ile. Mpulizo mmoja mrefu, simama. Mipulizo mifupi mifupi, njoo. Haijali kama anayepuliza ni lord, dereva au mtoto wa shule. Haina Kifaransa wala Kinande. Kitu kidogo hicho, ambacho kinaingia mfukoni mwa zamu, kingeondoa nusu ya ugomvi unaotokea malangoni.

Lakini hakuna haja ya kwenda hadi Uingereza. Mfano mzuri uko Rutshuru. Mwaka 2011 mbuga ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa kwa ajili ya kufuata nyayo za wawindaji haramu. Walichaguliwa mbwa wa aina ya bloodhound, wenye masikio marefu na pua inayoweza kufuata harufu ya mtu aliyepita zamani, na baadaye spanieli kwa kutafuta vitu vilivyofichwa kama pembe za ndovu na silaha. Mwalimu alitoka Uswisi. Mbuga ingeweza kununua mbwa waliokwisha fundishwa Ulaya, kuwashusha kwenye ndege na kuwapa walinzi kamba mkononi. Haikufanya hivyo. Mafunzo yalifanyika Rumangabo, mbwa pamoja na walinzi watakaofanya nao kazi, Wakongomani wa hapa hapa, ambao wengine walikuwa wamemjua mbwa kama kitu cha kupigwa jiwe. Mlinzi alijifunza kumlisha, kumwosha, kumpangusa masikio, kusoma kamba inavyonyooka pale mbwa anaposhika harufu na inavyolegea anapoipoteza. Somo hilo la mwisho halifundishwi na mtu mwingine kwa niaba yako.

Jirani zetu wa Tanzania nao wanatuma wanafunzi mbali, japokuwa siyo mbwa. Shirika la APOPO linafundisha panya buku pale Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, kisha wanasafirishwa hadi nchi kama Kamboja. Panya Magawa, aliyepewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA mwaka 2020, alitoka huko. Lakini panya hashuki kwenye ndege na kuingia uwanja wa mabomu kesho yake. Anazoezwa kwanza udongo mpya na watu wapya, anapimwa upya, ndipo anaruhusiwa. Kama panya anapewa muda huo, mbwa wa lupango anayetegemewa na familia nzima apewe pia.

Na tusisahau wazee wetu wa msitu. Mbwa ambaye wazungu wanamwita Basenji, jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili anasikia mara moja ndani yake dharau ya « washenzi », ni mbwa wa Kongo. Hapigi kelele kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji wa msitu wanamfunga kengele ya mti shingoni ili wajue aliko. Hakuna aliyempeleka bwenini. Alikua nyumbani, akafuata mbwa wakubwa msituni, na mtu aliyemfunga kengele ndiye aliyekuwa naye tangu akiwa mdogo. Jozi iliyopelekwa Uingereza na kuonyeshwa mwaka 1895 ilikufa kwa ugonjwa wa distempa. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1930 ndipo aina hiyo ikashika mizizi kule.

Distempa hiyo bado inaua. Kila banda ambako mbwa kumi kutoka nyumba kumi wanalala pamoja ni mahali pa kubadilishana magonjwa, na patroni anayeuliza bei bila kuuliza chanjo anaweka mbwa wake kwenye bahati nasibu. Fundi anayepokea mbwa bila kudai karatasi ya chanjo hafai kupewa hata kifaranga. Tena siyo afya ya mbwa peke yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyefundishwa kuuma, asiye na chanjo, katika kartie ambako watoto wanapita kuchota maji, ni hatari iliyolipiwa kwa dola. Akimuuma mtoto, kidonda kioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni msafi.

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito kuliko pesa. Mbwa asiyefundishwa kabisa anabweka na kukimbia. Mbwa aliyefundishwa nusu, anayejua kurukia lakini hajui kuachia kwa sababu neno la kuachia liko mdomoni mwa mtu anayeishi upande mwingine wa mji, ndiye anayeleta kilio. Kwa mbwa wa namna hiyo, zamu naye ni mgeni.

Kuna watakaosema: zamu hakai, leo yupo, kesho amepata kazi nyingine, kwa nini kumlipia masomo? Ni kweli zamu wengi wanahama. Wanahama kwa sababu mshahara ni mdogo na mara nyingine haufiki. Patroni anayetoa kwa ajili ya mbwa pesa ambazo zamu haoni kwa miezi mitatu angeanza kuhesabu hapo. Lakini hata zamu akihama, aliyejifunza vizuri anaweza kumwonyesha anayekuja, kwa siku nne au tano, langoni pale pale, kwa filimbi ile ile.

Mafundi nao wana la kubadilisha. Hata Uingereza hakuna leseni ya serikali inayomlazimu mtu kabla ya kujiita mwalimu wa mbwa, na kwetu ndiyo kabisa. Kwa hiyo mkataba mdogo ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari ni bora kuliko maneno matamu. Uandikwe maneno yote ambayo mbwa atafundishwa na kwa lugha gani, pamoja na neno la kuachia. Uandikwe kwamba zamu atakuja kwa fundi angalau mara moja kila wiki, nauli ya pikipiki juu ya patroni, na kwamba fundi atakuja nyumbani mara kadhaa baada ya mbwa kurudi. Malipo yagawanywe mara mbili. Nusu siku ya kumwacha mbwa. Nusu nyingine ilipwe siku ambayo zamu, peke yake, saa mbili usiku, patroni na fundi wakiwa wamejificha ndani ya nyumba, atamwita mbwa kutoka mwisho wa lupango na mbwa akaja.