Urithi Upitao Shamba

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mithali hii yajulikana na kila mtu, na wazazi wengi hudhani ya kuwa maana yake ni kumpa mtoto chakula, nguo na karo ya shule, na mwisho kumwachia kipande cha shamba. Hayo yote ni mema, wala hapana mzazi mwenye akili ayadharauye. Walakini kuna urithi mwingine ambao mzazi humwachia mtoto apende asipende, nao ni tabia yake mwenyewe. Urithi huo hauandikwi katika hati, wala haugawanywi na wazee. Mtoto huupokea kidogo kidogo jikoni, akisikiliza jinsi baba na mama wanavyomtaja jirani.

Katika nchi ya Nakuru jambo hili limeonekana waziwazi. Reli ilifika huko mwaka wa 1900. Wamasai waliokuwa wakilisha ng'ombe wao bondeni waliondolewa kwa mapatano ya mwaka wa 1904, masetla wakapewa mashamba, na watu wa makabila mengi wakaja kufanya kazi humo. Baada ya uhuru wa mwaka wa 1963, mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi, na mengine yakagawanywa na Serikali. Ndiyo sababu huko Molo, Elburgon, Njoro na Subukia, Mkikuyu amepakana na Mkalenjin, na Mkisii na Mluhya. Hulima viazi na ngano katika udongo mmoja, hukutana sokoni, na Jumapili wengi wao huketi pamoja kanisani.

Pamoja na hayo, majirani hao wamepigana zaidi ya mara moja. Mapigano yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, yalienea mwaka wa 1992 hata Molo na Olenguruone. Januari 1998 yakatokea tena upande wa Njoro. Kisha, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, damu ilimwagika katika mji wa Nakuru wenyewe na katika Naivasha, mwezi wa Januari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika Kenya nzima. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru, mahali ambapo wakulima walizoea kuleta mifugo yao ishindaniwe, ukageuka kuwa kambi ya watu waliokimbia makwao.

Yafaa kuihesabu miaka hiyo kwa umri wa mtoto. Mtoto wa miaka 10 aliyeiona nyumba yao ikiungua mwaka wa 1992, au aliyemwona baba yake akirudi usiku na ng'ombe wasio wake, alikuwa kijana wa miaka 16 mapigano yalipotokea tena Njoro. Mwaka wa 2008 alikuwa mtu mzima wa miaka 26, labda mwenye mke na watoto. Je, katika miaka hiyo yote alifundishwa nini nyumbani? Ni kweli ya kuwa wako watu wakubwa waliochochea mapigano kwa ajili ya madaraka, na ni kweli ya kuwa malalamiko ya ardhi yanahitaji haki. Lakini mchochezi hutafuta kuni kavu, na kuni hizo hukaushwa katika nyumba za watu wa kawaida.

Nabii Ezekieli, katika mlango wa 18 wa kitabu chake, alifundisha ya kuwa Mungu hamhesabii mtoto makosa ya mzazi wake. Hii ni habari njema kwa kila mtoto. Walakini binadamu hawana rehema kama hiyo. Wao huhesabu, tena hawasahau. Baba akichoma ghala ya jirani, mwanawe atatazamwa kwa jicho baya sokoni na shuleni, ingawa siku ile alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwa hiyo Mkristo anayetubu na kulipa alichoharibu huiokoa nafsi yake, na papo hapo humwondolea mtoto wake deni ambalo mtoto hakulikopa. Hali kadhalika wema hurithiwa. Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, alimkumbusha ya kuwa imani yake ilikaa kwanza katika nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Wanawake hao hawakuacha majengo wala fedha ambazo habari zake zimetufikia, lakini walimwacha Timotheo.

Mfano wa karibu ni Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki. Yeye alizaliwa mwaka wa 1931 huko Mwala, Machakos, akawa Askofu wa Katoliki wa Nakuru tangu mwaka wa 1971 hata 1996. Mapigano yalipofika katika jimbo lake, waliofukuzwa walipata kimbilio katika viwanja vya makanisa, naye askofu alinena hadharani kuwatetea, ingawa maneno yake hayakuwapendeza wenye nguvu. Ingekuwa rahisi kwake kunyamaza, maana hakuwa mzaliwa wa Molo wala wa Olenguruone. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Nairobi, akafariki mwaka wa 2020. Hakuwa na watoto wa kuwaachia shamba. Hata hivyo wako watu wazima leo ambao, walipokuwa wadogo, walilala salama penye kanisa kwa sababu mlango haukufungwa.

Si kila Mkristo atakuwa askofu, lakini kila mmoja ana mpaka wa shamba na ana ulimi. Ng'ombe wa jirani akiingia katika viazi, wema ni kumrudisha na kuzungumza juu ya hasara mchana, wazee wakiwapo, kabla ya kutaja kabila la mwenye ng'ombe. Aliyenunua shamba kwa bei ya hofu, mwenyewe alipokuwa akikimbia, ana jambo la kupatanisha mbele ya Mungu na mbele ya mtu huyo. Aliyepoteza ndugu yake hana budi kuwasimulia watoto habari hiyo, maana kuificha si msamaha. Basi aisimulie yote, pamoja na habari za jirani wa kabila lile lile aliyewaficha nyumbani mwake, kama alikuwapo. Mtoto akisikia nusu ya kwanza peke yake, amepewa silaha.

Jambo hili lawezekana. Mwaka wa 2012 wazee wa Kikuyu na wa Kalenjin, baada ya mazungumzo marefu, walitia sahihi mapatano ya amani ya Nakuru, na uchaguzi wa mwaka wa 2013 ukapita pasipo mapigano kama yale ya mwaka wa 2008. Walakini sahihi ni ya wazee, na wazee hufa. Mapatano yatadumu ikiwa yataingia jikoni, katika maneno yasemwayo wakati watu wazima wanapodhani ya kuwa watoto wamelala.

Mara nyingi watoto hawajalala. Mzazi Mkristo akitaka kujua atamwachia mwanawe urithi gani, asiende kwanza kuitafuta hati sandukuni. Amsikilize mtoto huyo akicheza na wenzake uani, asikie jina analomwitia mtoto wa jirani. Huko atasikia maneno yake mwenyewe, na kama hayampendezi, bado kuna wakati wa kuyabadili.