Nia Njema Haipandi Mlima

Safari ya baiskeli ya Twende Butiama, inayoanzia Dar es Salaam na kuishia huko alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, ni jambo la kupongezwa. Mtu akipita Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza, njia hiyo ina zaidi ya kilometa 1,300. Wapanda baiskeli wake hawashindanii kombe. Nia yao ni kumuenzi Mwalimu na kuwasaidia wananchi walioko njiani kwa madawati, miti na huduma za afya.

Hata hivyo, wako wanaodhani kwamba safari ya msaada yahitaji moyo mwema na fulana mpya tu. Hayo ni makosa. Mtu asiyefanya mazoezi akiishiwa nguvu siku ya tatu, gari la wagonjwa litauacha msafara ili kumhudumia yeye, na petroli na dawa zitakazotumika zitalipwa kwa fedha ambazo zingenunua madawati. Hivyo aliyekuja kutoa hugeuka kuwa mpokeaji. Ajali na maradhi humpata yeyote, na anayepatwa hana budi kusaidiwa. Linalolaumiwa hapa ni uzembe.

Nchi hii yaijua thamani ya safari za namna hiyo. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu mwenyewe alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Mwaka huo huo kijana Seti Benjamin alifariki akiwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya Azimio hilo hilo. Ushujaa wake wastahili heshima. Kifo chake chakumbusha pia kwamba barabara ndefu haipunguzi ukali wake kwa sababu msafiri ana nia njema.

Kwa hiyo mfanyakazi anayekaa mezani tangu Jumatatu hadi Ijumaa yampasa aanze mazoezi miezi kadhaa kabla ya safari. Aliyeko Dar es Salaam aanze kwa kwenda Kibaha na kurudi, kisha aongeze mwendo mpaka aweze kufika Chalinze, yapata kilometa 100, na kesho yake apande baiskeli tena. Siku moja ya mwendo mrefu si kazi kubwa. Kazi ni kuirudia siku baada ya siku, nchi ikipanda kutoka pwani hadi Dodoma, zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Mazoezi hayo yafanywe kwa pamoja. Katika msitari, anayetangulia ndiye anayeukata upepo, na walio nyuma yake hutumia nguvu kidogo zaidi. Hivyo ni haki wapokezane. Wazoee ishara za mkono za kuonyana shimo, maana mabasi na malori hayangoji mtu ajifunze. Kila mmoja aweze kuziba pancha na kurudisha mnyororo. Tena mwendo wa kundi upimwe kwa yule wa mwisho, wala si kwa mwenye mbio.

Maandalizi ya msaada wenyewe nayo yasiwekwe nyuma. Walimu waulizwe mapema shule zao zina upungufu gani. Dawati linalopelekwa shule yenye madawati ya kutosha, lakini isiyo na vyoo, ni mzigo uliobebwa bure. Hesabu za michango zitangazwe kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, ili mwananchi aliyetoa shilingi yake ajue imekwenda wapi.

Hapana budi viongozi wa safari kama hizi wawe na msimamo. Asiyehudhuria mazoezi asipewe nafasi barabarani, hata kama ni mkubwa kazini, kwa kuwa cheo hakisukumi pedali. Apewe kazi nyingine: kupika, kugawa maji au kutunza hesabu, hakuna aibu katika kazi hizo. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kumsaidia mtoto aliyeketi sakafuni darasani, na ainame sasa juu ya baiskeli yake, pamoja na wenzake, kabla siku ya kuondoka haijafika.