Ambulensi 70, na Anayekaa Nyuma Je?

Kila basi la Mombasa kwenda Nairobi hupita kaunti ya Machakos: Kyumbi, Athi River, Mlolongo. Ndugu zetu wakipata ajali huko, Mungu apishe mbali, anayetarajiwa kuwapokea barabarani si daktari. Ni mhudumu wa ambulensi.

Machakos ndiyo iliyotutia wivu mwaka 2014, gavana Alfred Mutua alipozindua ambulensi 70 kwa mpigo. Nami nilikuwa miongoni mwa walioulizana, zetu Pwani ziko wapi? Swali lenyewe lilikuwa pungufu. Gari hununuliwa, likapigwa picha, basi. Anayekaa nyuma kumshika mgonjwa je?

Muuguzi ana baraza lililoundwa kwa sheria. Daktari vilevile. Mhudumu wa dharura amefanya kazi miaka na miaka pasi na sheria kama hiyo, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Ngazi ya kupanda cheo haieleweki. Akifika hospitali na mgonjwa, huchukuliwa kama utingo wa dereva. Aliyoyaona njiani hayaulizwi, na huenda ndiyo yangeokoa roho. Mimi ni mtu wa diploma, najua uchungu wa cheti kisichopata uzito mezani pa mwajiri. Wenye ujuzi wakitazama Ghuba, tusiwalaumu.

Katiba, ibara ya 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haki hiyo huanzia barabarani. Kwa hiyo kaunti zetu zikizindua gari jipya, mimi sasa nauliza: nyuma mumemwajiri nani, na kwa mkataba gani?