Tamko la Wazee na Wastaafu wa Nangwa Kuhusu Jeshi la Pamoja la Afrika Mashariki



Sisi wanachama wa chama cha wazee na wastaafu, tuliokutana hapa Nangwa, tumeyajadili mazungumzo ya kuunganisha ulinzi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wapo kati yetu waliovuka mpaka wa Mutukula kwenda vitani Uganda mwaka 1979 wakiwa mgambo, na wapo wenye watoto na wajukuu wanaovaa sare za JWTZ leo. Jeshi la pamoja hatulipingi. Tunachokipinga ni kupeleka askari chini ya kamandi ya pamoja kabla haijajulikana nani mwenye amri ya mwisho.

Tanzania imewahi kulifanya jambo hili, na ilianza mahali panapostahili. Hati za Muungano za Aprili 1964 ziliweka ulinzi kati ya mambo 11 ya Muungano, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo JWTZ ikaanzishwa. Zanzibar ina vikosi vyake hadi leo, KMKM na JKU vikiwemo, lakini Amiri Jeshi Mkuu ni mmoja.

Jumuiya imeanzia upande wa pili. Itifaki ya Ushirikiano katika Masuala ya Ulinzi ilisainiwa Arusha Aprili 2012. Wakuu wa nchi walikubaliana Mei 2017, miaka mitano baadaye, kwamba hatua ya mpito kuelekea Shirikisho la Kisiasa iwe Fungamano la Kisiasa, na Fungamano lenyewe halijapata katiba. Tena hata likiipata, kila nchi itabaki na enzi yake. Wanachama sasa ni wanane, kwa hiyo jeshi hilo litakuwa na maamiri jeshi wakuu wanane. Na Ibara ya 147 ya Katiba yetu inaipa Serikali ya Jamhuri ya Muungano mamlaka ya kuunda na kuweka majeshi nchini. Jeshi la Jumuiya likipiga kambi Tanzania, litakuwa la nani kwa ibara hiyo?

Mfano wa Congo unatutosha. Mwaka 2013 Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ziliunda Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama lilisema wazi kwamba kazi yake ni kuyakabili makundi yenye silaha. Kufikia Novemba mwaka huo waasi wa M23 walikuwa wameshindwa, jeshi la Congo na Brigedi wakipigana upande mmoja. Novemba 2022 ikawa zamu ya kikosi cha Jumuiya, chenye askari wa Kenya, Burundi, Uganda na Sudan Kusini. Kinshasa ilitaka kipigane na M23. Wanachama wenzake waliona kazi ya kikosi ni kushika maeneo ambayo waasi wataachia. Kamanda wa kwanza, Meja Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya, aliondoka Aprili 2023, na Desemba muda wa kikosi ukaisha bila kuongezwa. Hatuamini kwamba askari wa 2022 walikuwa dhaifu kuliko wale wa 2013. Waliowatuma ndio hawakukubaliana.

Baada ya hapo vijana wetu walipelekwa Congo kupitia SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na wengine hawakurudi hai. Wakati huohuo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikana. Congo na Rwanda ni wanachama wa Jumuiya moja, na bado haijulikani nani yuko upande gani! Goma ilipotekwa Januari 2025 ndipo wakuu wa Jumuiya na SADC walipokutana Dar es Salaam, tarehe 8 Februari. Kikao cha namna hiyo kilipaswa kutangulia risasi.

Hata hivyo, ipo kazi ya pamoja isiyohitaji kusubiri katiba. Tope la Mlima Hanang liliposhuka Katesh na Gendabi tarehe 3 Desemba 2023, zaidi ya watu 80 walikufa, na askari wa JWTZ walikuja kutafuta miili na kufungua njia. Mazoezi ya pamoja ya majeshi ya Jumuiya, Ushirikiano Imara, tayari yanagusa maafa. Majeshi ya Jumuiya yaanzie hapo, kwenye mafuriko na maporomoko, yazoeane kwa redio, ramani na magari kabla ya kuzoeana kwa bunduki.

Tunalitaka Bunge la Jamhuri ya Muungano lisiridhie mkataba wowote wa kulindana, wala kamandi yoyote ya pamoja, kabla maandishi yake hayajataja nani anaamuru, nani analipa, nani anaweza kukiondoa kikosi, na familia ya askari aliyefia nje italipwa fidia na nani. Tunaiomba Serikali ije kutueleza msimamo wake huku vijijini, kwa Kiswahili, kabla ya kusaini.

Limetolewa Nangwa, Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara.