Kabla ya Kukichoma, Kisome



Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya vitabu wanavyosoma watoto wetu wakati sisi tuko shambani, sokoni au kwenye jumuiya. Hatusemi vile vya shule. Tunasema hadithi za kubuni za siku zijazo, zenye mashine zinazofikiri, miji ambayo haijajengwa na viumbe wa ajabu. Vijana wa Bukoba na Muleba nao wanazipenda, na wengine huzisomea katika simu. Siku hizi ndani yake mna mambo mazito: mauaji, mapenzi, na pia wahusika wanaopenda watu wa jinsia yao au wasiokubali jinsia waliyozaliwa nayo.

Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 katika shule zetu kwa sababu ya maadili. Wazazi wengi walishukuru. Lakini marufuku ile ni ya shuleni. Haifiki kwenye simu iliyofichwa chini ya mto. Huko wa kufika ni mama.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2019 mwandishi wa Nigeria, Akwaeke Emezi, alitoa kitabu cha vijana kiitwacho Pet. Mhusika wake mkuu, Jam, alizaliwa akahesabiwa mvulana, lakini tangu utotoni akasema yeye ni msichana, na wazazi wake wakamkubali hivyo. Mama mwingine akifika hapo atakitia kitabu jikoni kwenye moto, na uchungu wake tunauelewa. Ila hatajua kilichofuata. Mji wa Jam unajisifu kwamba watu waovu wamekwisha, na watoto wanafundishwa hivyo. Kumbe nyumbani kwa rafiki yake yumo mtoto mdogo anayeumizwa na mtu mzima wa ukoo. Wakubwa hawaoni, kwa kuwa walikwisha kusema uovu haupo.

Hilo, akina mama, si la Nigeria wala la siku zijazo. Sisi wauguzi tunawapokea watoto walioumizwa na watu wanaofahamika nyumbani, na jibu tunalolisikia mara nyingi ni hili: "Haiwezekani, yule ni ndugu yetu."

Sisi wa Kagera tunajua gharama ya kunyamaza. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa huu. Watu wakauita ugonjwa Juliana, wakanong'ona, na huku tukizika. Bibi wangapi wamelea wajukuu kwa sababu mambo ya chumbani hayakusemwa sebuleni?

Hata vitabu vyetu vimepita njia hiyo. Ng'ambo ya ziwa, Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi, aliyetoa Rosa Mistika mwaka 1971. Kwanza kilizuiwa mashuleni kwa mambo yake ya wasichana na wanaume, baadaye kikawa kitabu cha kufundishia. Rosa alichungwa na baba yake kwa fimbo. Alipofika mbali na nyumbani, fimbo ile haikumsaidia kitu.

Basi tunashauri hivi:

Kwanza, kisome kitabu mwenyewe. Kama Kiingereza kinakushinda, mwambie mwanao akusimulie mkimenya ndizi. Utasikia kilichomgusa.

Pili, pima umri. Kitabu kinachoeleza tendo la ndoa wazi wazi si cha mtoto wa miaka 12, wawe ni mwanamume na mwanamke au wengine. Lakini kuwamo kwa mtu wa namna fulani katika hadithi ni jambo jingine.

Tatu, mweleze unachoamini, bila matusi. Hujui kama anauliza habari za Jam, za mwenzake darasani, au zake mwenyewe. Ikiwa ni zake, laana ya mama yaweza kumtupa barabarani au kumfanya ajidhuru. Zahanati haichagui mgonjwa. Mama naye asichague mtoto wa kumsikiliza.

Nne, umalizie kwa swali hili: "Yuko mtu mzima anayekutisha au kukugusa vibaya?" Kisha nyamaza, usubiri. Akisema yupo, mwamini, usimwogeshe wala kufua nguo zake, mlete hospitali mapema. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na simu ya watoto, namba 116, hupigwa bure.

Mtoto aliyeona kitabu chake kikichomwa bila kuulizwa neno, siku ya kuumizwa atatafuta wa kumwambia, na huenda asikufikirie wewe. Tumfungulie mlango mapema, akina mama, hata kwa kitabu tusichokipenda.