Baiskeli si Umaskini

Kwa simu naona wasee wa Ufaransa wakiendesha baiskeli katikati ya mizabibu, wakisimama kwa ngome za kale kupiga picha. Tunasema, hao wana pesa. Hapa Ntimaru nikipita na yangu naulizwa, "Kijana, pikipiki uliuza?"

Vilima tunavyo. Badala ya mizabibu tuna mahindi na tumbaku. Na ngome ipo: Thimlich Ohinga, kilomita 46 kutoka mji wa Migori, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zingine zimepita mita 4 kwenda juu. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Wangapi kwetu wamefika?

Na msiniambie baiskeli ni mchezo wa wazungu. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli, mpakani Busia. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafunzwa na Mkenya, David Kinjah, halafu akashinda Tour de France 2013 kwa jina la Uingereza.

Kinachonizuia si vilima. Mwezi jana matatu ilinisukuma mtaroni, abiria wakacheka. Kwao, mwenye baiskeli hana haki ya barabara.

Sidai hoteli ya watalii. Nadai mita moja tu, kila upande wa barabara. Mzee anayepeleka gunia sokoni ataitumia Jumatatu. Mimi nitaitumia Jumapili, nikienda kuona kuta zetu.